Kumfuata babu aliyetoka Norwei, ukiwa Kisumu

Siku tuliyomzika Baba Akinyi kule Seme, mzee aliyesimamia mazishi alifanya kama inavyofanywa kwetu. Alisimama kando ya jeneza akaanza kumtaja marehemu: mwana wa fulani, mjukuu wa fulani, akipanda juu kizazi kwa kizazi. Akataja baba yake, akataja babu yake Lewis, kisha akanigeukia. Sikuwa na la tatu. Nilikuwa nimeishi na mtu huyu miaka 31, nimemzalia watoto watatu, na sikujua babu yake alizaliwa na nani. Mzee akasema kwa upole, "Haya mama, hapo tutamwachia Mungu," akaendelea na maombi. Kifungua mimba wangu alikuwa ameketi mstari wa mbele. Nilimwona akiinamisha kichwa.

Baba Akinyi alizaliwa Minnesota, Marekani. Alikuja kufundisha hisabati karibu na Maseno akiwa kijana, naye hakurudi tena kwao. Kuhusu ukoo wake alijua mambo mawili tu: kwamba wazee walitoka Norwei, na kwamba jina lao ni Haugen. Baada ya matanga nilianza kutafuta. Ilinichukua karibu miaka miwili, kwa simu na kompyuta ya zamani ya shuleni, bila kuvuka mpaka wa Kenya. Sasa nina vizazi saba. Watu wameanza kuniuliza nilifanyaje, maana hapa Kisumu, na Nakuru na Eldoret pia, kuna watoto wengi ambao mzazi mmoja alitoka mbali. Nitaeleza njia niliyopita, na mahali nilipopotea nitapaonyesha pia.

Usianzie Norwei. Kati ya 1825 na miaka ya 1920, zaidi ya Wanorwei 800,000 walihamia Amerika Kaskazini. Mwaka 1882 peke yake waliondoka zaidi ya 28,000. Ukiingia huko ukiwa na jina moja na makisio, utatoka na babu wa mtu mwingine. Anza na walio hai, halafu karatasi za Marekani, na Norwei iwe ya mwisho.

Mimi nilianza na wifi yangu, dada wa marehemu, mama wa miaka sabini na kitu. Nilimpigia saa tatu usiku ya hapa, ambayo majira ya baridi ni saa sita mchana kwao. Sikumuuliza "ukoo wetu ni upi", maana swali kama hilo humfanya mtu aone hajui lolote. Nilimuuliza kama kuna kitu chochote cha zamani nyumbani chenye maandishi asiyoweza kuyasoma. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kuna lile sanduku ninaloweka blanketi." Kesho yake alinitumia picha kwa WhatsApp. Sanduku la mbao lenye kifuniko cha mviringo, limechorwa maua mekundu na ya buluu yaliyofifia, na mbele limeandikwa kwa rangi: Ole Larsen 1881. Wahamiaji wengi wa Norwei waliondoka na sanduku la namna hiyo. Wifi alikuwa amelifungua na kulifunga maisha yake yote akidhani Larsen ni fundi aliyelitengeneza.

Uliza basi kuhusu masanduku, Biblia, vitabu vya nyimbo, na upande wa nyuma wa picha ambako mpiga picha aligonga muhuri wake na mji wake. Uliza pia wazee wamezikwa wapi. Kaburi la Kilutheri Minnesota au Wisconsin hukuambia lilikuwa kanisa gani, na kanisa ndilo utakalolihitaji kuliko ofisi yoyote ya serikali.

Lakini kabla ya kwenda kanisani, elewa majina. Hapa ndipo wengi wanapokwama, na sisi tuna faida kuliko Wamarekani wenyewe kwa sababu tumeyaona nyumbani.

Mnorwei wa zamani hakuwa na jina la ukoo. Alikuwa na jina lake, halafu jina la baba yake lenye kimalizio: Ole mwana wa Lars ni Ole Larsen, na dada yake Anna ni Anna Larsdatter. Ole akizaa mtoto akamwita Lars, mtoto huyo ni Lars Olsen. Jina la pili linabadilika kila kizazi. Majirani zetu Wakalenjin wana "arap" inayofanya kazi hiyo hiyo, na sisi Waluo tuna "wuod". Mwanamke hakubadilisha jina akiolewa. Alibaki binti wa baba yake hadi kaburini.

Jina la tatu, kama Haugen, Bakken, Moen au Lien, ni jina la shamba. Haugen ni mahali penye kilima, Bakken ni mteremko. Lilikuwa kama anwani. Mtu akihamia shamba lingine, jina hilo lilibadilika pamoja naye, hata kama alihamia kwa mke wake. Mimi mwenyewe huku Seme naitwa nyar Alego, kwa sababu nilizaliwa Alego, na hakuna anayedhani Alego ni babu yangu. Ukilishika hilo umeokoa mwaka mzima. Watu wawili wanaoitwa Haugen huenda hawana damu moja hata tone, kwa sababu mashamba yenye jina hilo yametapakaa Norwei nzima. Na ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kufa na majina matatu tofauti kati yao.

Waliofika Amerika walikuta kila kanisa lina akina Ole Larsen wanne au watano, kwa hivyo wengi wakachukua jina la shamba walikozaliwa, ili barua zisipotee. Norwei kwenyewe sheria ya kumtaka kila mtu awe na jina la ukoo ilikuja mwaka 1923. Kwa hiyo usitafute jina. Tafuta shamba, na parokia ambamo shamba hilo limo.

Kitu kingine kitakachokusaidia ni desturi ya kuwapa watoto majina ya wazee. Mwana wa kwanza aliitwa kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama, na mabinti vivyo hivyo kwa mabibi. Mtoto akifariki, anayefuata alipewa jina lile lile. Mjane aliyeoa tena mara nyingi alimpa binti wa kwanza jina la marehemu mke wake. Haikuwa sheria, lakini ilifuatwa sana. Sisi tunaomwita mtoto kwa jina la aliyetutangulia hatuhitaji kufundishwa jambo hili.

Sasa karatasi za Marekani. Tovuti ya FamilySearch ni ya bure, unahitaji tu kujiandikisha. Tafuta sensa. Marekani huhesabu watu kila miaka kumi, na majina hufunguliwa baada ya miaka 72, kwa hiyo ya karibuni iliyo wazi ni ya 1950. Rudi nyuma moja moja, usiruke. Ya 1900 ni ya thamani kubwa: inataja mwezi na mwaka wa kuzaliwa, na mwaka mtu alioingia nchini. Ya 1890 karibu yote iliharibika kwa moto wa mwaka 1921, usiitafute bure. Lakini sensa itakuandikia "Norwei" tu, bila kijiji. Karatasi za uraia za kabla ya 1906 kwa kawaida hufanya hivyo pia.

Kijiji kimo katika daftari la kanisa. Makanisa ya Kilutheri ya Wanorwei kule Marekani yaliandika kwa Kinorwei kwa miaka mingi, na mchungaji aliyekuwa akimsajili muumini mara nyingi aliandika alikozaliwa, kwa sababu yeye mwenyewe alitoka kule na alijua wilaya ya Sogn si wilaya ya Telemark. Wifi alinipa jina la kanisa walikozikwa wazee. Nikaandika barua pepe fupi: majina, miaka, na swali moja tu. Wiki tatu baadaye katibu wa kanisa, mama aliyenijibu kama anayemjibu dada yake, alinitumia picha ya kurasa mbili. Kwenye orodha ya waumini: Ole Larsen Haugen, amezaliwa 1858, Luster, Sogn. Na kwenye orodha ya ubatizo, yule babu Lewis aliyetajwa kaburini hakuwa Lewis. Mchungaji alimbatiza Lars. Lars wengi walijiita Lewis au Louis wakiwa Amerika. Mwana wa kwanza wa Ole Larsen anaitwa Lars, kwa babu yake. Niliiweka simu mezani nikalia.

Kanisa likiwa limefungwa, usikate tamaa. Madaftari mengi yalipigwa picha na kuhifadhiwa. Madison, Wisconsin kuna kituo kiitwacho Norwegian American Genealogical Center & Naeseth Library ambacho kazi yake ni hiyo.

Barua ile ya kanisa ingenifaa zaidi kama ningeiandika mwanzo. Ukweli ni kwamba kabla yake nilikuwa nimepoteza miezi minne. Nilikuwa nimempata Ole Larsen mwingine, aliyezaliwa 1858 vile vile, nikamfuata hadi karne ya kumi na nane, nikawaandikia watoto wangu orodha nzuri kwenye daftari gumu. Kisha usiku mmoja nikafungua sensa ya Norwei ya 1910 kwa sababu nyingine kabisa, nikamkuta yupo, tarehe ya kuzaliwa ile ile, anaishi kwake na mke na watoto. Hakuwahi kuvuka bahari. Tangu hapo nina kawaida moja ambayo nakuomba uifuate: ukimpata unayedhani ni wako, kwanza jaribu kumkataa. Mtafute Norwei kwenye sensa za baadaye, 1891, 1900, 1910. Mtafute kwenye orodha ya waliokufa wakiwa watoto. Akikutwa huko, mwachie wenyewe. Na usinunue ukoo ulio tayari. Niliwahi kumlipa mtu mtandaoni, akaniletea mti mrefu unaoishia kwa wafalme, bila ukurasa hata mmoja wa kuonyesha alikoyatoa majina hayo.

Ukiwa na parokia, Norwei inakufungukia, na bila malipo. Idara ya kumbukumbu ya taifa lao ina tovuti iitwayo Digitalarkivet. Madaftari ya kanisa, sensa na orodha za wahamiaji zimo, na unaweza kuisoma kwa Kiingereza. Inafanya kazi kwa simu, ingawa picha za kurasa ni nzito. Mimi nilikuwa nikizipakua usiku wa manane, wakati mtandao ni mwepesi, nazisoma asubuhi hata stima ikipotea. Herufi æ, ø na å utazipata kwa kubonyeza a au o kwenye simu bila kuachia. Zinakaa mwisho wa alfabeti yao. Zamani å iliandikwa aa. Kinyota * kinasimama mahali pa herufi usizozijua: andika Ha*g*n ukamate Haugen na Haugan kwa pamoja.

Majina ya wilaya yamebadilika pia, kama Kisumu ilivyokuwa Port Florence. Oslo iliitwa Kristiania hadi mwisho wa 1924. Luster leo iko mkoa wa Vestland. Hadi 2020 ilikuwa Sogn og Fjordane, na kabla ya 1919 mkoa huo uliitwa Nordre Bergenhus amt. Mahali hapajasogea hata hatua moja.

Anza na orodha za wahamiaji zilizoandikwa na polisi bandarini. Za Trondheim zinaanza 1867, Kristiania 1871, Bergen 1874. Watu wa Sogn walipitia Bergen. Nilitafuta Ole Larsen, 1881, miaka 22 au 23, wa Luster. Haugen haikuwepo. Aliandikwa kwa jina la shamba lingine kabisa, na nikadhani nimekosea tena. Sensa ya 1875 ndiyo iliyonieleza: Ole wa Luster, kijana, mtumishi kwenye shamba hilo lingine. Watoto wa maskini walitoka nyumbani mapema kwenda kutumikia, na jina la shamba likawafuata. Kama babu yako aliondoka kabla ya orodha hizo, hasa kati ya 1850 na miaka ya 1860, huenda alishukia Quebec, Kanada, wala si New York. Meli za kubeba mbao zilipakia watu kwenda na mbao kurudi.

Sensa zenye majina ya watu wote ni za 1801, 1865, 1875, 1891, 1900, 1910 na 1920. Angalia jambo moja dogo ambalo hupotosha: sensa ya 1865 ilihesabu mwaka ambao mtu anaendelea nao, kwa hiyo Ole aliyekuwa ametimiza miaka 7 ameandikwa 8. Ya 1801 vile vile.

Halafu ni madaftari ya kanisa lenyewe, na hapa uende polepole. Maandishi ni ya Kigothi. Mara ya kwanza niliona kama mtu amekokota uzi wenye wino juu ya karatasi. Nilichapisha kurasa tano kwenye saiba moja ya Oginga Odinga Street, nikakaa nazo mezani na kioo cha kukuzia cha marehemu. Nilianza na majina ninayoyajua lazima yamo: Ole, Anna, Lars. Nilipoipata Anna, nikapata a na n za mchungaji yule. Nilizikata kwa mkasi nikazibandika kwenye kadi, herufi kwa herufi, hadi nikawa na alfabeti yake. Kila mchungaji ana mkono wake, kwa hiyo akibadilika mchungaji unatengeneza kadi nyingine. Wakati mwingine kuna njia ya mkato: kuanzia miaka ya 1810 daftari lilitunzwa nakala mbili, moja ya mchungaji na moja ya msaidizi wake, inayoitwa klokkerbok. Moja isiposomeka, fungua nyingine.

Mstari wa ubatizo una namba, siku ya kuzaliwa, siku ya kubatizwa, jina la mtoto, wazazi na makao yao, na wadhamini wa ubatizo pamoja na mashamba yao. Usiwaruke wadhamini. Ni mashangazi na wajomba, na ndio watakaokuambia mama alitoka shamba gani. Angalia pia kipaimara, ambacho kilikuwa lazima tangu 1736. Hapo mchungaji anarudia siku ya kuzaliwa na wazazi, na huweza kutaja chanjo ya ndui, kwa sababu kuanzia 1810 bila chanjo hukupewa kipaimara. Katika safu ya waliohama utamkuta akiaga.

Kwenye mstari wa Ole, mbele ya jina la Lars baba yake, kuna neno lililofupishwa: Huusm. Ni husmann. Nililitafuta, na nilipolielewa nilikaa kimya muda mrefu. Husmann alikuwa mtu asiye na ardhi, aliyepewa kibanda na kipande cha kulima ndani ya shamba la mwenyewe, naye analipa kwa siku za kazi. Baba yangu mkubwa aliishi hivyo Njoro, kwenye shamba la mlowezi. Tulimwita skwota. Baba Akinyi alikuwa akikaa naye chini ya mti wakizungumza ng'ombe hadi giza liingie, na hakuna kati yao aliyejua walikuwa na historia moja. Haugen halikuwa shamba lao. Lilikuwa kile kipande cha kilimani walichoazimwa.

Ukiwa na shamba, litafute kwenye Norgeskart, ramani ya serikali yao, nayo ni ya bure. Tafuta pia kama wilaya ina bygdebok, kitabu kinachoeleza shamba moja moja na waliokaa humo. Vingi vimepigwa picha lakini aliye nje ya Norwei hafunguliwi vyote. Mimi niliiandikia maktaba ya huko, wakanitumia kurasa mbili. Hata hivyo usikiamini kitabu kabla ya kurudi kwenye daftari la kanisa. Na kila ukurasa wa Digitalarkivet una kiungo chake cha kudumu. Kinakili kando ya jina siku ile ile, maana usipofanya hivyo hutauona tena.

Lars Olsen alizaliwa na Ole Jørgensen, na Ole huyo yuko kwenye sensa ya 1801, mtoto wa miaka sita, kwenye nyumba ya baba yake Jørgen. Hapo nimesimama kwa sasa.

Mwezi uliopita niliyapeleka majina kwa fundi wa marumaru karibu na Kibuye, yachongwe chini ya jina la Baba Akinyi. Aliisoma karatasi yangu mara mbili, akaweka kidole kwenye jina la mwisho. "Mama, hii o imekatwa mstari. Tuirekebishe?"

"Hapana baba," nikamwambia. "Ichonge hivyo hivyo." Nikamchorea kubwa kwa penseli upande wa pili wa karatasi, apate kuona mstari unapoanzia na unapoishia.